Tambi za Kila la Heri

Saa nane kamili mchana, Jumatano ya katikati ya Machi, watu watano wa jopo la usaili walikuwa wamekaa wakimsubiri Lijimol Pothen, na Lijimol hakutokea. Hakuwa mtu wa kuchelewa. Baadaye kidogo mwenyekiti akapiga simu wodi ya moyo kuuliza kulikoni, na Sorcha Lehane, muuguzi aliyekuwa zamu, akamjibu kwamba Liji ametoka zamani, tena amejipaka rangi ya mdomo.

Sorcha akakata simu, akashika njia ya mkato ambayo wauguzi wote wa Hospitali ya Mtakatifu Dervla hupita kwenda jengo la utawala, yaani ngazi za nyuma. Alimkuta chini kabisa ya ngazi hizo. Kiatu kimoja kilikuwa kimebaki juu, kingine mguuni, na shingo ilikuwa imekaa vibaya. Sorcha hakuhitaji daktari wa kumwambia alichokuwa anakiona. Hata hivyo alipiga magoti, akaita watu kwa sauti ambayo hakujua anayo, akaanza kumbonyeza kifua. Walikuja mbio, wenzake wote, wakamhangaikia kwenye sakafu ile ile nusu saa nzima, wakamtoa damu, wakamtia dawa, wakamwita kwa jina. Hakurudi.

Mtu kuteleza kwenye ngazi si kazi ya polisi. Mvua ilikuwa inanyesha, na Cork, huku Ireland, mvua ikianza huwa haina haraka ya kwenda popote. Wangemlilia, wangemzika, wangeweka mpira kwenye zile ngazi, basi. Lakini ile damu waliyomtoa ilipimwa hapo hapo hospitalini, na Alhamisi majibu yalipotoka daktari aliyasoma mara mbili kisha akainua simu. Marehemu alikuwa na dawa ya usingizi mwilini, nyingi kiasi cha kumfanya mtu mzima ayumbe kama mlevi. Na katika chumba cha mapumziko cha wodi, ndani ya friji, lilikuwepo boksi la plastiki lenye mabaki ya tambi za kukaanga, na juu yake kadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: KILA LA HERI LIJI. MARIVIC.

Kesi akapewa Sajini Gobnait Sheahan. Huyu ni mama wa miaka hamsini na ushee, binti wa muuza nyama wa Soko la Kiingereza, mwenye sauti ya pole na macho yasiyo na pole hata chembe. Wiki hizo alikuwa na kisirani kupita kiasi, kwa sababu kila Kwaresima huacha sukari kwenye chai, na kila Kwaresima wenzake kituoni ndio wanaokiona cha moto.

Alianza na Sorcha.

"Ulimwona akila?"

"Nilimwona. Saa sita na kitu. Alilikuta boksi mezani, akasoma kadi, akaangua kicheko."

"Alisema neno?"

Sorcha alifuta macho kwa kiganja. "Alisema, 'Ee Mungu wangu, Marivic amerukwa na akili! Analeta tambi kazini! Wodi ikijaa leo tunajua nani wa kumlaumu.' Akala karibu zote. Alikuwa hajala tangu asubuhi, alisema tumbo limejaa woga mpaka halina nafasi ya wali."

"Nani huingia kile chumba?"

"Nani haingii, Sajini? Wauguzi, wafagiaji, madaktari wanaotafuta biskuti zetu, madereva teksi wanaokuja kuchukua wagonjwa walioruhusiwa. Mlango haufungwi. Hata wewe ungeingia ukanywa chai, hakuna angekuuliza."

"Na huyo Marivic alikuwa wapi?"

"Alitoka saa tano kwenda kwenye usaili wake. Akitoka huko alikuwa na ruhusa, akaenda zake nyumbani."

Hapo pana jambo la kueleweka. Kila mwaka hospitali hiyo humlipia muuguzi mmoja, mmoja tu, kwenda chuo kikuu cha Scotland kusomea uuguzi bingwa. Ni miaka miwili. Akirudi, anampima mgonjwa mwenyewe na kumwandikia dawa mwenyewe, na wale madaktari waliokuwa wakimwagiza awaletee faili wanaanza kumwuliza maoni yake. Mwaka huu waliobaki kwenye mchujo walikuwa watatu, wote wa wodi ya moyo, wote wamesomea uuguzi kwao kabla ya kuja Ireland: Lijimol Pothen na Aleyamma Varkey kutoka Kerala, India, na Marivic Dumalagan kutoka Iloilo, Ufilipino. Wote watatu waliwahi kuambiwa vyeti vyao vinakaguliwa, na wakati vinakaguliwa walisukuma vitanda na kumwaga mikojo, watu walioongoza wodi nzima kwao. Ukiwa umepita njia hiyo, nafasi moja ya Scotland si jambo la mchezo.

Marivic aliletwa kituoni Ijumaa asubuhi. Mwanamke mfupi, nywele zimebanwa, mikono imetulia mapajani. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, na Gobnait aliyaona hayo, lakini aliwahi kuona wauaji wakilia pia.

"Ulimpelekea Lijimol tambi?"

"Sikumpelekea."

"Kadi ina jina lako."

"Jina langu linajulikana hospitali nzima, Sajini. Lipo hata kwenye ubao wa zamu."

"Hizi tambi ni chakula cha kwenu?"

"Ni cha kwetu. Pancit. Tunakula kwenye sikukuu, kwenye siku za kuzaliwa."

"Na Liji alikuwa anazipenda?"

"Sana. Kila sherehe kwangu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuachia sahani. Alikuwa rafiki yangu. Tulisoma pamoja kwa huo usaili, mezani kwangu, mwezi mzima. Tukiulizana maswali, tukichekana."

"Mlikuwa mnagombea nafasi moja."

"Tulikuwa tunagombea. Hilo nalo limekuwa kosa?"

"Basi nipe sababu moja ya kuamini kwamba si wewe. Moja tu, Marivic."

Marivic alifungua mdomo. Gobnait aliona kabisa kwamba kuna neno limefika. Halafu uso wa mwanamke yule ukawaka kwa aibu, akaangalia chini, akasema hana. Gobnait aliitia alama aibu ile, kwa sababu mtu mwenye hatia huogopa, na huyu hakuonekana mwoga. Alionekana kama mtu aliyekaribia kujifanya kichekesho mbele za watu.

Mkuu wake hakuwa na subira na mambo ya nyuso. Inspekta Cotter alisema chakula ni cha Kifilipino, jina ni la Mfilipino, nafasi ni moja, sasa wanangoja nini?

"Nipe mpaka Jumatatu," Gobnait alisema.

"Jumatatu, halafu namfungulia mashtaka. Na huo ugomvi wako na sukari uuache nyumbani."

Hospitali haikungoja Jumatatu. Ilimsimamisha Marivic kazi siku hiyo hiyo, na mwenyekiti wa jopo akamwarifu, kwa upole wa watu wa ofisi, kwamba uamuzi wa nafasi utatolewa Jumanne, na kwamba jina lenye kesi ya polisi haliwezi kuwekwa mezani. Likishaondolewa, haliruhusiwi kurudi. Leseni yake nayo ingefuata, na kibali cha kukaa kinafuata leseni. Miaka yake yote Ireland ilikuwa inaning'inia kwenye boksi moja la plastiki.

Jumamosi Gobnait alikwenda kutoa pole nyumbani kwa marehemu, kule Togher. Teksi ilikuwa imeegeshwa mlangoni, taa ya juu imezimwa. Ndani walijaa watu wa Kerala, wanawake sakafuni wakisali, wanaume ukumbini wamesimama kimya. Mume, Saju Pothen, mrefu aliyejikunja, alimkaribisha kiti na chai isiyo na maziwa.

Mezani kulikuwa na wali, dengu, kabeji. Pembeni, peke yake, sinia la kuku wa kuoka, halijaguswa.

"La jirani yetu," Saju alieleza alipoona anaangalia. "Mama mzuri, hajui tu. Sisi tuko kwenye mfungo, siku hamsini mpaka Pasaka. Hakuna nyama, samaki, yai wala maziwa. Liji hakuwahi kuuvunja. Hata kazini alikuwa anajifungia na wali wake, akiulizwa anasema anapunguza mwili."

"Hakuwaambia wenzake?"

"Aleyamma anajua, ni wa kanisa letu. Na Marivic. Wengine hapana, alichoka kuelezea watu mambo."

"Unaonekana hujalala, Saju."

"Mimi usingizi ulinihama zamani. Naendesha teksi usiku, naendesha mchana. Kwetu nilikuwa mwalimu wa kemia." Alisema hivyo kama mtu anayetaja nchi aliyowahi kuitembelea. "Kisha Riyadh miaka mitano, nikimfuata Liji. Kisha huku."

"Na Marivic unamfahamu?"

"Marivic ni mtu mzuri," akasema. "Mwambie Inspekta wako ni mtu mzuri."

Gobnait alirudi kwenye gari, akakaa bila kuwasha injini. Miaka thelathini ya kazi hii, na waliofiwa wote aliokutana nao walikuwa wakitaka roho ya mtu. Huyu alikuwa anamtetea mshukiwa. Labda ni dini. Aliliweka hilo kando na kwenda kumtafuta mgombea wa tatu, kwa sababu mgombea wa tatu alikuwa na tatizo lake mwenyewe.

Aleyamma Varkey alikuwa amepotea wodini Jumatano, kuanzia saa tano hadi karibu saa sita, na hakumwambia mtu alikokuwa. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, miwani minene, na hii ilikuwa mara yake ya tatu kuomba nafasi ile. Mara mbili alikataliwa. Gobnait alimkuta kwake akipiga pasi sare, akapewa chai, akakataa sukari kwa ajili ya Kwaresima.

"Jumatano, kabla ya chakula, ulikuwa wapi?"

"Hospitalini."

"Hospitali ni kubwa, mama."

Aleyamma alisimamisha pasi. "Nikikuambia, utaandika?"

"Ikibidi."

"Chooni," akasema kwa hasira. "Choo cha ghorofa ya nne, kisichotumika sana. Nilikuwa nasimama mbele ya kioo najiuliza maswali ya usaili na kujijibu. Kwa sauti! Mwaka jana mmoja wa jopo aliniomba nirudie jibu mara tatu, nikaona wanaangaliana. Miaka ishirini na sita nauguza watu, Sajini, na nilikuwa chooni najifunza kusema 'tathmini ya mgonjwa' kama mtoto wa chekechea. Mfagiaji alinikuta. Kamuulize, kisha mnicheke pamoja."

Gobnait hakucheka. Kwa kweli moyo ulimuuma, na alimwambia hivyo. Mfagiaji baadaye alithibitisha kila kitu. Lakini kabla ya kuondoka, kwa mazoea ya kazi tu, alimsomea Aleyamma yale maneno ambayo Liji aliyasema akiwa ameshika boksi.

Aleyamma akaweka pasi chini kabisa.

"Liji alisema hivyo? Kwamba Marivic karukwa na akili, kaleta tambi kazini?"

"Neno kwa neno."

"Loo! Basi si Marivic. Na wala si mtu wa wodi yetu."

"Kwa nini?"

"Hujui?" Kwa mara ya kwanza Aleyamma alitabasamu, tabasamu la huzuni. "Hawa dada zetu wa Kifilipino, tambi ni chakula cha baraka, ndefu kama umri. Lakini zamuni? Thubutu! Ukileta tambi zamuni, wagonjwa nao watakuja kwa msururu, mrefu kama tambi zenyewe. Hakuna Mfilipino atakayezivusha mlango wa wodi hata umpe nini. Mwaka juzi nilileta mimi, siku yangu ya kuzaliwa, nilinunua dukani kwao. Marivic alinipokonya sinia mikononi akakimbia nalo mpaka kwenye gari lake! Jioni ile wakaletwa watu saba wa moyo kwa mkupuo, na mpaka leo wananisimanga. Wodi nzima inajua. Hata Liji alikuwa anacheka kwa sababu hiyo."

"Sorcha hakuniambia."

"Sorcha ana mwezi mmoja kwetu, ametoka wodi ya watoto."

"Wauguzi wenye shahada," Gobnait alisema taratibu, "wanaamini tambi zinaleta wagonjwa."

"Nawe si umeacha sukari?" Aleyamma akamjibu. "Unadhani Mungu anahesabu vijiko?"

Jumapili mchana Gobnait alipanda ngazi za nyumba aliyopanga Marivic. Alimkuta kakaa katikati ya masanduku, amekwisha kuanza kufunga vitu. Gobnait hakukaa.

"Ijumaa nilikuomba sababu moja. Ulikuwa nayo. Kwa nini hukuniambia habari ya tambi na zamu?"

Marivic alificha uso. "Ningekuambiaje, Sajini? Asubuhi ya Jumatano nimekaa mbele ya watu watano nawaambia mimi natenda kazi kwa ushahidi wa kisayansi, nipeni kalamu ya kuandika dawa. Keshokutwa yake niwaambie polisi kwamba naogopa tambi? Ingefika kwenye jopo. Wangesema, mnaona? Hawa ndio tunataka kuwafanya mabingwa?" Akapangusa pua. "Nilidhani nikinyamaza ukweli utajitokeza wenyewe."

"Ungeingia jela kwa aibu ya tambi."

"Wewe hujawahi kuonekana mshamba nchi ya watu. Usinicheke."

"Sikucheki, mwanangu. Nimekasirika tu." Gobnait akavuta kiti hatimaye. "Maabara wamenipigia. Zile tambi zina karoti, kabeji, maharage mabichi. Hamna nyama, wala kamba wa baharini, wala yai."

"Bila kamba? Bila hata kipande cha nguruwe?" Marivic alishindwa kujizuia. "Hiyo si pancit. Hiyo ni adhabu."

Hapo wote wawili wakawa wamefika mahali pamoja. Sinia la kuku la jirani lilimjia Gobnait machoni, peke yake mezani.

"Aliyezipika alijua Liji amefunga," alisema.

Marivic alikuwa ameshika ukingo wa sanduku kwa nguvu.

Jumatatu asubuhi Gobnait alipiga simu mbili. Ya kwanza kwa kampuni ya teksi, ya pili kwa daktari mmoja wa Togher, akiwa na kibali cha mahakama mkononi. Mchana alikwenda kwa Saju na askari wawili, akawaambia wakae nje kwanza.

Maombi yalikuwa yanaendelea. Alipokuwa mlangoni, akasikia minong'ono nyuma yake. Marivic alikuwa amefika, amevaa nyeusi, ameshika maua, na Aleyamma yuko ubavuni mwake amemshika mkono. Wanawake sakafuni walivuta nguo zao asiwaguse. Mmoja akasema kwa sauti, "Ana uso wa kuja hapa!" Mwanamume mmoja akasimama kumzuia.

"Mwacheni apite," Saju alisema. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Hakumwangalia Marivic. Aliangalia maua.

"Saju," Gobnait akasema, "twende jikoni. Na hawa dada wawili waje. Wamekwisha kuumizwa vya kutosha, wana haki ya kusikia."

Jiko lilikuwa dogo. Aleyamma akafunga mlango.

"Aliyepika zile tambi," Gobnait alianza, bila kupandisha sauti, "alijua jambo moja na hakujua la pili. Alijua kwamba Liji amefunga, ndiyo maana hakutia nyama. Wenye kujua hilo, na wenye kumjua Marivic, ni watatu: Marivic mwenyewe, Aleyamma na wewe. Lakini hakujua kwamba Mfilipino haleti tambi zamuni. Marivic anajua. Aleyamma anajua, alishaumbuka kwa hilo. Na yeyote anayejua asingeandika jina la Marivic kwenye boksi lile, kwa sababu wodi nzima ingecheka na kusema si yeye. Anabaki mtu aliyekula tambi kwa Marivic siku za sherehe, na hajawahi kufanya zamu hata moja."

Saju alikuwa anaangalia sinki.

"Jumatano saa tano na nusu teksi yako ilimchukua mzee mmoja wodi ya moyo. Ulipanda kumfuata, kama madereva wote. Na daktari wako anakuandikia vidonge vya usingizi tangu mwaka jana. Wewe mwalimu wa kemia hukuhitaji kufundishwa kuvisaga."

Ukumbini waliendelea kuimba zaburi.

"Nilitaka asinzie," Saju alisema. "Asinzie tu mbele yao. Aongee ovyo, wamkatae, arudi nyumbani. Ningempikia. Ningemfariji." Alishika ukingo wa sinki. "Ngazi sikuzifikiria. Wallahi sikuzi..." Akajishika, kiapo hicho alikibeba kutoka Riyadh, akaapa upya kwa Mama wa Mungu. "Nilidhani atapita kwenye lifti kama watu."

"Kwa nini tambi?"

"Jumanne usiku alisema habebi chakula, tumbo halitaki. Changu angekirudisha. Cha Marivic asingekirudisha."

"Na Marivic alipokamatwa?"

"Nilijua hana hatia, nikadhani mtamwachia."

"Mimi nilikuwa nafunga masanduku yangu, Saju!" Marivic alilipuka. "Umekula mezani kwangu!"

"Na mimi?" Saju aligeuka, na sasa alikuwa analia bila kujificha. "Mimi nimefunga masanduku mara ngapi? Nilikuwa na darasa langu, watoto wananisimamia nikiingia. Nikaacha. Riyadh nikawa mume wa muuguzi. Hapa mume wa muuguzi. Watu wakinisalimia kanisani wanauliza, 'Liji hajambo?' Na sasa Scotland, nianze tena kuuliza barabara? Hakuniuliza hata mara moja kama nimechoka!"

Aleyamma alianza kusali kwa kunong'ona. Marivic aliweka maua yake juu ya jiko, taratibu.

"Alikuwa haendi," alisema.

Saju alimtazama.

"Aliniambia Jumanne, tukimaliza kusoma. Nilimwapia sitamwambia mtu, na kwa polisi nilinyamaza, kwa sababu nani angeniamini? Alisema, 'Saju amechoka, namwona. Siendi popote. Lakini nataka niingie kile chumba niwajibu kila swali, na wao waniambie: tumekuchagua wewe. Mara moja tu maishani. Halafu nitawaambia asante, nina mume, mpeni Marivic.' Hakukuuliza kwa sababu alikwisha kuona, Saju. Alikuwa akuambie Jumatano jioni."

Saju Pothen aliteremka chini polepole, mgongo ukikwaruza kabati, akakaa sakafuni. Gobnait aliwaita askari wake kwa ishara ya mkono. Hata pingu hawakumfunga, walimshika tu mabega wakamtoa kwa mlango wa nyuma ili wanaosali wasimwone, ingawa baada ya dakika chache walijua wote, na kilio kilichotoka ukumbini kilisikika mpaka barabarani.

Kesho yake, Jumanne, Gobnait alikwenda chumba cha maiti cha hospitali na karatasi za kuruhusu mwili usafirishwe Kerala. Alikuta Marivic na Aleyamma wamemtangulia, wamevaa aproni na glavu. Wauguzi wa Mtakatifu Dervla huwaandaa wenzao wenyewe, hawamwachii mtu mwingine.

Juu ya meza ndogo palikuwa na sari ya dhahabu, imekunjwa vizuri.

"Ya harusi," Aleyamma alimweleza. "Bwana harusi humfunika nayo bibi harusi kanisani, na siku ya kuzikwa ndiyo anayovaa. Wanawake wetu wote." Aliigusa kwa kidole kimoja. "Nimempigia mama yake kumwuliza. Akasema hapana, si hiyo. Mvisheni nguo zake za kazi."

Simu ya Marivic ikalia. Alivua glavu, akaipokea pale pale. Ilikuwa sauti ya mwenyekiti wa jopo, na katika chumba kile tulivu kila mtu aliisikia. Alisema hospitali inamwomba radhi. Alisema jina lake lilikuwa bado halijaondolewa, jopo limeamua, nafasi ni yake akiitaka.

"Naitaka," Marivic alisema. Kisha akauliza, "Na Liji? Angefika, mngemchagua?"

"Hatukumsikia, Marivic," mwenyekiti akasema. "Siwezi kukuambia. Ningetamani, lakini siwezi."

Marivic alishukuru, akakata simu. Aleyamma alimkumbatia kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwingine ulikuwa na maji, akamwambia hongera, akiwa na maana hiyo kweli, ingawa hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuikosa nafasi. Kisha wakarudi kazini. Wauguzi hawamgusi mtu bila kumwambia wanachofanya, awe anasikia au hasikii, na Marivic aliinama karibu na sikio la rafiki yake kama alivyoinama kwa wagonjwa maelfu.

"Liji, tunakugeuza upande wa kushoto sasa," alisema. "Usiogope, nimekushika. Tumekuja na sare yako, imepigwa pasi." Akamsogezea nywele usoni. "Wamenipa mimi, dada. Nimekubali."

Gobnait aliweka karatasi zake kwenye kiti, akavua koti, akauliza kama kuna aproni nyingine.